Matone ya bomba la kupulizia miembe: wastani unadanganya?

Mwembe_Malindi: Habari zenu, ndugu. Kwenye karatasi za njano za kupimia matone (hugeuka buluu palipoangukia tone), wastani wa kipenyo ni mikroni 120 (mikroni ni elfu moja ya milimita), lakini macho yanaona madoa makubwa tu. Kosa liko wapi?

Kusi: Umehesabu idadi, si ujazo. Tone la mikroni 400 lina maji mara 64 ya tone la 100. Tumia Rosin-Rammler, fomula ya mgawanyo wa ukubwa wa matone: sehemu ya ujazo wote iliyo kwenye matone yaliyo chini ya kipenyo D ni V = 1 − exp(−(D/X)^q). Chora ln(−ln(1−V)) dhidi ya ln D. Mteremko ndio q: ikiwa kubwa, matone yanakaribiana ukubwa. Kundi la matone makubwa kabisa, ambapo V = 1, liondoe, la sivyo hesabu inagoma. X ni kipenyo ambacho 63.2% ya ujazo iko chini yake, si nusu. Wengi huteleza hapo. Mfano X = 300, q = 2: nusu ya ujazo iko chini ya 250, na 10.5% chini ya 100. Hiyo 10.5% ndiyo chakula cha upepo, matone madogo yanayopeperushwa. Kwa q = 3 inashuka hadi 3.6%.

Mkorosho: Kabla ya yote, doa si tone! Tone hutanuka kwenye karatasi, mara nyingi karibu maradufu, kwa hiyo gawanya kwanza kipenyo cha doa kwa kiasi hicho. Madoa yaliyogusana yatenganishe. Na unyevu wetu wa pwani huigeuza karatasi buluu yenyewe, kwa hiyo ifungie ndani ya mfuko usiopitisha unyevu mara ikikauka.