Naomba ushauri: moduli ya sloti 0 kwenye chasisi ya VXI imekufa

Habari zenu mafundi. Naombeni msaada. Moduli ya sloti 0, ile inayounganisha chasisi yetu ya VXI (kasha la kuchomekea kadi za vipimo) na kompyuta kwa kebo ya GPIB (ya kuunganishia vifaa vya vipimo), imegoma ghafla. Taa nyekundu ya hitilafu inawaka haizimi, na kompyuta haiioni kabisa.

Umeme wa chasisi nimeupima: volti 5, -5.2, -2, pamoja na 12 na 24 za chanya na hasi, zote ziko sawa. Nimechomoa moduli nyingine zote, nikabadilisha kebo, nikahakikisha swichi za anwani ziko kwenye 0. Hali ni ile ile.

Kinachonitia shaka ni mapigo ya saa ya megahezi 10, ambayo sloti 0 ndiyo huyagawa kwa chasisi nzima. Kwenye osiloskopu sioni kitu. Je, kristali inayozalisha mapigo hayo ikifa inaweza kuizuia moduli isimalize kujipima? Au nishuku kwanza EPROM, chipu inayohifadhi programu ya moduli? Chipu hizi za zamani hupoteza data.

Moduli zilizobaki bado nzima, na inaniuma kuona zote zimekaa bure kwa ajili ya bodi moja. Aliyewahi kuifungua ya namna hii aniambie alianzia wapi, na jinsi ya kunakili EPROM salama kabla sijagusa lehemu.