Atto 3, Mombasa hadi Nairobi (gumzo la kikundi cha majirani, Nyali)

Mama Zuhura: Assalaam aleikum majirani. Baba Zuhura ataka kununua gari la umeme, BYD Atto 3, ile ya betri kubwa. Karatasi ya muuzaji yasema kilomita 480. Yaani twafika Nairobi bila kusimama?

Baba Swaleh: Waaleikum salaam Mama Zuhura. La, hamfiki. Hiyo 480 ni kipimo cha NEDC, cha maabara, mwendo wa polepole. Kipimo cha WLTP cha Ulaya chasema 420. Barabara kuu kwa mwendo wa 100 na AC ikiwaka, hesabu kWh 18 (yaani uniti 18 za umeme) kila kilomita 100. Betri ni kWh 60.48, kwa hivyo ni kilomita 335 hivi hadi iishe kabisa.

Fundi Mutua: Na hapo mlima haujahesabiwa. Nairobi iko mita 1,700 juu yetu. Gari na abiria na mizigo ni tani 2 hivi, kulipandisha tu kwala kWh 9. Ni kama kilomita 50 zimetoka mfukoni. Anayeshuka kuja Mombasa hupata namba nzuri, msizitumie kupangia safari ya kupanda.

Mama Zuhura: Basi tusimame wapi?

Baba Swaleh: Mtito Andei, kama kilomita 250. Ukitoka hapa na 100% wafika na 18% hivi. Kutoka hapo hadi Nairobi ni kilomita 235 za kupanda, kWh 48. Tazama sasa: 80% ya betri ni hizo hizo 48, hakuna akiba hata kidogo. Ama mjaze hadi 95, ama mchaji tena kidogo maeneo ya Emali mkipata mashine ya kuchaji, ama mshushe mwendo hadi 85. Mwendo ndio unaokula zaidi kuliko AC.

Baba Swaleh: Na mpige simu kituo cha kuchaji kabla ya kutoka. Mashine kuonekana kwenye ramani si hoja, huenda imezimwa.

Bi Rukia: Kuchaji kwachukua muda gani?

Baba Swaleh: Shikamoo Bi Rukia. Gari lenyewe hupokea umeme kwa kasi ya hadi kW 88, lakini mashine ikiwa ya kW 50 ndiyo mwisho wake. 18 hadi 80% ni dakika 45 hivi. Baada ya 80 betri hujipunguzia mkondo, kwa hivyo ile 15% ya mwisho ni dakika 15 au zaidi.

Fundi Mutua: Mama Zuhura, kabla hamjalipa, fungueni kifuniko cha kuchajia. Gari likiwa limeletwa moja kwa moja kutoka China litaitwa Yuan Plus, na tundu lake ni GB/T, la mfumo wa China. Atto 3 ya soko letu ni CCS2, tundu la mfumo wa Ulaya. Adapta ya kuchaji polepole si tatizo, ya kuchaji kwa kasi ndiyo yenye hatari: volti ni mamia na adapta duni huyeyuka.

Mama Zuhura: Marahaba kwa niaba ya Bi Rukia 😊 Na nyumbani tutumie soketi ya kawaida?

Fundi Mutua: Kwa dharura tu. Ampea 10 kwa volti 240 ni kW 2.4, 20 hadi 80% ni saa 16 au 17. Soketi haikuundwa kubeba mzigo usiku kucha. Skurubu zikilegea, na chumvi ya bahari ikishaingia, hapo ndipo plastiki huyeyuka. Ekstensheni iliyoviringishwa ni mbaya zaidi, joto halina pa kutokea. Wekeni chaja ya ukutani ya kW 7: breka ya ampea 40, RCD (kifaa cha kukata umeme ukivuja) ya miliampea 30 ya aina A au zaidi, na ethi (waya wa ardhini) iliyopimwa. Ethi mbovu ndiyo hufanya gari likatae kuchaji na watu wakalaumu gari.

Baba Swaleh: Pia ombeni mita ya pekee ya Kenya Power. Bei ya kuchaji magari ya umeme ilipoanza 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa kWh, na 8 kuanzia saa nne usiku, kabla ya kodi na tozo. Betri ni LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti), ijazeni 100% kama mara moja kwa wiki, la sivyo asilimia kwenye skrini huanza kukosea.

Mama Zuhura: Kutoka mita ya umeme hadi gereji ni mita 22.

Fundi Mutua: Waya wa 6 mm² watosha, volti zitakazopotea ni 4 au 5 tu. Ingekuwa mita 50 ningetaka 10 mm². Nitumie picha ya bodi ya breka.