Naomba ushauri: pikapu ya zamani ya matenki mawili, la akiba linajaza lile kubwa

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaozijua pikapu za zamani. Ninayo ya 1978, petroli, kabureta, ina matenki mawili na swichi ya kuchagua kwenye dashibodi. Tenki kubwa halina shida. Ila nikihamia la akiba gari inatembea freshi tu, lakini geji inashuka haraka mno, halafu baada ya muda nasikia harufu, nikichungulia nakuta petroli inachuruzika kwenye mfuniko wa tenki kubwa ambalo nililiacha limejaa na sijaligusa!

Mfuniko nimebadilisha, haikusaidia. Nimefuata mipira mpaka kwenye valvu ya kubadilishia tenki, iko chini kwenye chesisi imeliwa na kutu, nikibonyeza swichi inalia tik kwa hiyo umeme unafika. Nahisi inahamisha mpira wa kuvuta tu, ule wa kurudisha mafuta yanayozidi kule mbele kwenye injini unabaki tenki kubwa.

Sasa hii valvu inafunguka ikasafishwa au ni kununua mpya tu? Na nitahakikishaje kuwa tatizo ni njia ya kurudisha bila kumwaga petroli chini? Kwa sasa natumia tenki kubwa peke yake, hilo la akiba naliogopa.