Msimamizi anasema data yangu ina bayasi ya chanzo kimoja, Harman nimepita, nifanyeje?

Kijana wa Masta:
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya utafiti maana msimamizi kanigomea, anasema majibu yote yametoka kwa mtu yule yule kwa hiyo uhusiano unaweza kuwa wa uongo. Tasnifu yangu inahusu uongozi wa waganga wafawidhi (wakuu wa vituo) na utendaji wa wauguzi na matabibu, nina madodoso 200 na ushee kutoka vituo vya afya na zahanati kama 40 kwenye halmashauri mbili. Mtu anajaza dodoso moja, sehemu ya kwanza anampima bosi wake, ya pili anajipima mwenyewe, yote Likert, yaani alama 1 (sikubali kabisa) mpaka 5 (nakubali kabisa), kwa kukaa mara moja. Uhusiano wa sehemu hizo mbili umetoka 0.68 (juu kabisa ni 1) nikafurahi, msimamizi kaandika pembeni "hapa umepima uongozi au umepima mudi ya mtu siku hiyo?" Nikafanya kipimo cha Harman (kuangalia kama kitu kimoja kilichojificha, faktari, ndo kinaendesha majibu yote) kwenye SPSS, programu ya takwimu, faktari ya kwanza imebeba asilimia 36 tu ya tofauti za majibu, haifiki 50, kasema hiyo haimtoshi. Madodoso hayana majina. Naanza upya?

Bwana Asilimia:
Dogo usijitese. Weka Harman, weka alfa ya Cronbach (inayoonyesha maswali yanaendana kiasi gani), tupia sentensi mbili kwenye mapungufu ya utafiti, kadifendi. Wengi wamepita na hivyo hivyo.

Mama Takwimu:
Bwana Asilimia ndo maana maktaba zimejaa tasnifu zenye jibu moja, bosi mzuri wafanyakazi wazuri, kila mwaka.
Dogo, Harman hakusafishi. Kile kipimo kinauliza tu kama faktari moja imemeza sehemu kubwa ya data yote, sasa ukiwa na maswali mengi ya mambo tofauti ni nadra sana faktari moja kufika 50 hata kama bayasi imejaa tele, na kadiri unavyoongeza maswali ndo unazidi kupita kirahisi. Podsakoff na wenzake mwaka 2003, ile makala ambayo kila mtu anaitaja anapoandika "nimefanya Harman", wao wenyewe wamekisema vibaya humo humo, watu wanataja bila kusoma. Alfa nayo usiilete hapa, mtu akitiririsha 4 4 4 4 mpaka mwisho alfa inapanda tu.
Fikiria muuguzi kaamka vizuri, posho imeingia jana, bosi atampa 4 na yeye atajipa 4. Mwenzie katoka zamu ya usiku na hajala, 2 kwa bosi na 3 kwake. Uhusiano umeshatokea hapo na uongozi haujagusa kitu. Ongeza kwamba mtu akishasema bosi wangu ananipa moyo, mbele kidogo anaona aibu kusema kazi yake mbovu, anataka majibu yake yafanane. Na nani hapa nchini atajiandikia 2 kwenye karatasi iliyokuja na barua ya halmashauri? Halafu niulize, nani alikusanya yakishajazwa, wewe au mfawidhi?

Kijana wa Masta:
Nilikusanya mwenyewe mama, bahasha zimefungwa.

Mama Takwimu:
Hapo umejiokoa, ingekuwa mfawidhi ndo kayapokea ningekwambia tupa.

Mtu wa Utumishi:
Si achukue tu alama za PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, bosi ndo anampima mtumishi, chanzo cha pili hicho.

Mama Takwimu:
Ataunganishaje na madodoso yasiyo na majina ndugu yangu? Na macho ya bosi nayo yana yake. Thorndike mwaka 1920 aliangalia maofisa wa jeshi la Marekani wanavyowapima walio chini yao, akakuta umbo, akili, uongozi na tabia vinapanda na kushuka pamoja kupita kiasi, yaani ukimpenda mtu hata kifua chake unakiona kipana.

Namba Hazisemi Zenyewe:
Nachelewa lakini nichangie. Kwanza tusimtishe kijana, Spector mwaka 2006 aliandika kwamba hili jambo linakuzwa sana, sio kila uhusiano wa dodoso moja umevimba, inategemea nini kinapimwa. Ila bosi na kujipima mwenyewe, hapo msimamizi yuko sahihi.
Dogo sio lazima uanze upya. Kila kituo gawa wajazaji mafungu mawili kwa bahati nasibu, fungu moja chukua alama za bosi peke yake, jingine alama za kazi peke yake, halafu tafuta wastani wa kila kituo ndo uone kama vinaendana. Anayemsifia bosi sio tena anayejisifia kazi. Rudia mgawanyo mara nyingi uone jibu linacheza wapi mpaka wapi, maana mgawanyo mmoja unaweza kukudanganya. Kwanza lakini onyesha kwamba watu wa kituo kimoja wanakubaliana kuhusu bosi wao, wasipokubaliana huo wastani hauna maana. Zahanati zenye wajazaji wawili zitoe. Ujue pia kwamba swali lako limehama, sasa unaongelea vituo, na ile 0.68 iage kabisa.
Una swali lolote la utafiti la uongozi kwa uzoefu kazini, yaani kama nguvu ya uongozi inategemea mtu amekaa kazini muda gani?

Kijana wa Masta:
Ninalo, uongozi mara miaka ya kazi, limetoka na maana kitakwimu. Nilitaka kulitoa, nikaona linachanganya.

Namba Hazisemi Zenyewe:
Usithubutu! Siemsen, Roth na Oliveira 2010 walionyesha kihesabu kwamba bayasi ya chanzo kimoja haiwezi kuzalisha mwingiliano wa namna hiyo, ikifanya kitu itaufifisha. Hiyo ndo sehemu ya tasnifu yako ambayo msimamizi hawezi kuipiga kwa hoja hii, ilete mbele.

Mama Takwimu:
Naunga mkono mgawanyo, ila kituo kizima kinaweza kuwa na mudi moja, dawa zimeisha miezi mitatu wote wamenuna, mafungu yote mawili yatanuna. Ukishakuwa kwenye ngazi ya kituo, kaombe takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma ambao vituo vya afya vinajaza, mfano wajawazito waliotimiza mahudhurio, hizo hazitoki kwenye mdomo wa mjazaji wako. Zina makosa yake ila ni makosa mengine.

Kijana wa Masta:
Ahsanteni sana. MTUHA naombea kwa mganga mkuu wa wilaya au lazima nirudi kwenye kibali cha maadili?

Mama Takwimu:
Vyote viwili. Anza na kibali, andika kabisa ni jumla za kituo na sio za mgonjwa mmoja mmoja, watakupitishia haraka kidogo.