Tupeane uzoefu: waliowahi kupunguza ukubwa wa rimoti ya gari linalowashwa kwa kitufe

Mwenye Kanzu, Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaamu. Nina gari dogo lililotoka Japani, linalowashwa kwa kitufe, na huu ni mwaka wa tatu natembea na rimoti yake iliyo nene kama kiberiti. Siku za kazi huiweka kwenye suruali na haina neno. Shida huja Ijumaa, kwa sababu mfuko wa kifuani wa kanzu haubebi mzigo wa namna ile. Nikirukuu unaning'inia, nikisujudu rimoti inachomoka na kuanguka mkekani, nami sipendi kuwakatiza wenzangu sala.

Mwezi uliopita niliifungua. Ndani nilikuta bodi moja ndogo, betri ya CR2032, na ule ufunguo wa chuma uliofichwa ubavuni kwa ajili ya dharura. Bodi yenyewe haifiki sentimita 5, ilhali kasha zima lina sentimita 7.5, kilichobaki ni plastiki tupu na nafasi ya ufunguo. Nikauchomoa ufunguo, nikaikata sehemu iliyoushikilia kwa msumeno wa chuma, nikasawazisha kwa msasa na kuziba uwazi kwa gundi ya epoksi. Sasa ina sentimita 5.5 na inafanya kazi. Naomba waliowahi kujaribu waeleze walivyofanya, hasa wale ambao mambo hayakuwaendea vizuri.

Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam

Umefanya vyema kukata plastiki na kuiacha bodi. Wanaoniletea rimoti zilizokufa ni wale walioigusa bodi, kwa hiyo nieleze kidogo kilichomo.

Gari huita rimoti kwa mawimbi ya masafa ya chini, takriban kilohezi 125 au 134, na rimoti hujibu kwa masafa ya juu, karibu megahezi 315 kwa magari mengi ya soko la Japani na 433.92 kwa ya Ulaya. Mwito ule hupokewa na koili za waya mwembamba kuliko unywele, zilizoelekezwa pande tatu, ili gari lisikike hata rimoti ikilala vipi mfukoni. Jibu hutoka kwenye antena, ambayo mara nyingi si waya bali ni mstari wa shaba uliochorwa pembeni mwa bodi. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa kuwa macho huona ukingo usio na kifaa chochote na kudhani kwamba hauna kazi.

Kijana mmoja aliukata ukingo huo kwa milimita 3 tu. Rimoti iliyokuwa ikifungua mlango kutoka ng'ambo ya barabara ikawa haifungui mpaka aigusishe kwenye kioo. Nilimlehemea waya mahali pa ule mstari, ikaongezeka hatua chache, lakini haikurudi kama awali, maana antena ile hupimwa pamoja na vifaa vilivyo jirani yake na ukibadilisha urefu umeharibu mizani yote. Mwingine aling'oa koili. Vitufe vya kufunga na kufungua viliendelea kufanya kazi, ila gari halikumtambua tena akiwa ameketi ndani. Kila safari hulazimika kuigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, ambako chipu ya usalama husomwa hata bila betri.

Kuna pia wanaotafuta wembamba kwa kuweka CR2016 mahali pa CR2032. Namba hizo zina maana: 20 ni upana kwa milimita, na 16 au 32 ni unene kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa hiyo utapata nusu ya unene, lakini na umeme wake haufiki nusu, na betri itakwisha mapema. Tena msilehemu waya moja kwa moja juu ya betri, kwani joto linaweza kuipasua. Zipo zinazouzwa zikiwa na vishikizo vyake.

Bi. Ukunda

Kaka wa Tanga, huo ufunguo wa chuma umeuweka wapi? Nauliza kwa sababu mimi nilifanya kama wewe na wangu nikautia kwenye droo ya jikoni. Siku moja niliegesha gari Likoni, nikavuka kwa feri kwenda mjini, na kumbe nimeacha taa ya ndani inawaka. Niliporudi magharibi, betri ya gari ilikuwa imekwisha kabisa. Nabonyeza rimoti, kimya. Mlango umefungwa, na boneti hufunguliwa kutoka ndani, kwa hiyo hata wa kunisaidia kwa betri yake hakuwa na pa kuunganisha nyaya. Ilibidi mwanangu aletewe ufunguo ule kwa bodaboda, naye aulete hadi kivukoni, nami nikingoja pale mpaka saa tatu usiku. Tangu siku hiyo uko pamoja na funguo za nyumba na hautoki.

Mama Wawili, Dodoma

Yangu si ya gari kukwama. Mume wangu aliinyoa rimoti hadi kifuniko cha betri hakikushika tena, akakizungushia gundi ya karatasi. Nilimkuta mtoto wetu wa miaka miwili sakafuni, kifuniko kando, na betri iko kati ya midomo yake. Niliitoa kwa kidole. Daktari alituambia kwamba betri ya aina ile ikikwama kooni huweza kuunguza ndani ya saa mbili. Tafadhalini, mkipunguza kasha, kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu.

Mswahili wa Muscat

Mimi sikukata chochote. Lexus yangu inakubali ufunguo wa umbo la kadi, wenye betri ya CR2412 isiyozidi milimita 1.2, na unakaa kwenye pochi. Ni ghali, na lazima uandikishwe kwenye gari lenyewe, lakini rimoti ya kawaida ipo nyumbani nzima.

Mwenye Kanzu, Tanga

Nawashukuru sana. Ufunguo wa chuma nimeufunga kwenye funguo za nyumba asubuhi hii, na kifuniko cha betri nimekitia skrubu mbili. Maneno ya fundi yalinitia wasiwasi, kwa kuwa msumeno wangu ulipita karibu na ukingo wa bodi, kwa hiyo nilikwenda uwanjani na rimoti ya akiba ambayo sijaigusa. Nilirudi nyuma hatua moja moja huku nikibonyeza. Ya akiba ilikoma kwenye hatua ya 31, iliyokatwa ikakoma kwenye ya 30.