Eti "gari lako linasikia baridi"! Leo huyu fundi kanivua nguo mbele za watu

Wadau, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule ambaye ukimuuliza saa ngapi atakwambia yeye ndiye aliyelifundisha jua kuchomoza.

Nimeng'oa manifoldi ya kiwandani (bomba linalokusanya moshi wa injini), nimefunga heda ndefu, yaani mabomba marefu ya moshi. Sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi na kuiambia kontroboksi (kompyuta ya injini) kama mafuta yamezidi au yamepungua, sasa iko chini kabisa, mabomba yote manne yanapokutana. Ni ya waya mmoja, haina hita, inategemea joto la moshi tu. Nikamwambia kwa adabu: kwenye foleni inapoa, kontroboksi inaacha kuifuata, gari linabugia mafuta. Niwekee ya waya nne, yenye hita yake. Bwana akawaita vijana waache spana: "Njooni msikie, gari la huyu linasikia baridi!"

Linasikia baridi! Hata mteja aliyekuwa amelala garini kwake aliamka ili acheke.

Sensa hiyo haisemi kitu mpaka ifike kama nyuzi 300 za Selsiasi. Nilimpimia kwa mita: injini ikiunguruma tu, volti zimeganda, nikikanyaga mafuta, zinacheza kati ya 0.1 na 0.9. Jibu lake? "Livalishe sweta." Sweta!

Spana14: Pole mkuu. Mimi nilimpelekea gari la tabo (turbo), akasema hita ni urembo.

MzeeWaPlagi: Wewe nawe umezidi. Ulipong'oa manifoldi hukujua sensa itahama? Ya waya tatu ingekutosha: mbili za hita, mmoja wa taarifa. Umeme wa hita uchukue kwenye swichi, upitie fyuzi. Ukiuunga moja kwa moja kwenye betri, asubuhi utasukuma.

BombaKavu: Afadhali nyie. Wangu alichomelea kitako cha sensa upande wa chini wa bomba! Maji yanatuama, kauri imepasuka, sensa mpya kabisa.

Spana14: Chini?! Huyo afungiwe. Wangu kachomelea bomba mpaka linagonga chesisi.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada jamani. Kasema linasikia baridi MBELE YA MWANANGU. Mtoto njia nzima ananiuliza kama gari linaumwa.

BombaKavu: Spana14, linagonga ukiwasha au ukiongeza mwendo?

Spana14: Nikiwasha.

MzeeWaPlagi: Angalia mpira wa kuning'inizia bomba kwanza. Halafu na mimi nina langu, kuna mtu kanikatia katalisti nzima (kile kisafisha moshi kwenye bomba) akasema eti inazuia pumzi...