Ndege ya kujiundia niliyoikuta nusu, bawa limeshafungwa: nilifungue au niendelee?

mrukaji_mpya
Wadau habarini. Nimechukua kwa mtu mradi wa ndege ya kujiundia, viti viwili, alumini tupu, jamaa alimaliza mkia na bawa la kushoto akaishiwa muda. Sasa nimelaza bawa mezani nikamulika tochi kupitia tundu la ukaguzi, naona ribiti (vile vipini vya kuunganishia bati) kama nane kwenye ubavu wa tatu, yaani zile mbavu za ndani zinazolipa bawa umbo, zimelala upande na moja imepondwa hadi imekuwa bapa kama sarafu, na bati la chini lishafungwa. Mmoja ananiambia ribiti nane kati ya maelfu si kitu, mwingine anasema ng'oa bati lote. Kwa nje bawa linapendeza kweli ndo maana roho inaniuma. Halafu daftari la kazi hakuna, kanipa picha tano tu. Humu ndani nataka nimpakie mke wangu, naombeni ushauri wa kweli.

bati_na_ribiti
Hongera mkuu, na usiguse drili kwanza, pima. Kile kichwa kinachopondwa kwa ndani kinatakiwa upana wake uwe mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, na kimo nusu ya kipenyo. Yaani ribiti ya 1/8 ya inchi, kichwa kiwe 3/16 na kimo 1/16. Chonga kipande cha bati chenye tundu la hicho kipimo uwe unapitisha kimoja kimoja. Iliyolala kidogo tu mara nyingi ni heri uiache, maana ukiitoa vibaya tundu linakuwa yai na hapo umeleta ugonjwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Ikibidi kutoa, toboa katikati ya kichwa usizidi unene wake, kivunje kwa panchi, ndo ugonge mwili utoke, na mtu ashikilie ubao upande wa pili bati lisibonyee. Mimi niligonga bila ubao kwenye usukani wa mkia, ikabidi nianze bati jipya.

saa_za_hewani
Ribiti unaziona, mimi naogopa usichokiona. Hilo bawa lina tenki? Kama lina, lijaribu kabla ya chochote: ziba matundu yote, vika puto kwenye bomba la hewa, jaza upepo taratibu puto lisimame tu basi, usizidishe presha tenki litapasuka, kisha pakaa maji ya sabuni kila mshono utafute mapovu. Usiridhike na puto peke yake, usiku joto likishuka linanywea hata kama hakuna panapovuja.

La daftari usilichukulie poa. Kwa mfano Marekani ndege hizi zinasajiliwa kama za majaribio kwa masharti kwamba zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha, ile 51% inayosemwa kila siku. Si lazima awe mtu mmoja kwahiyo kazi ya jamaa inahesabika, ila uionyeshe. Mwombe aandike na kusaini alichofanya sasa hivi kabla hajahama au kubadili namba. Na shemeji atasubiri, kule majaribio ya mwanzo kawaida ni saa 25 au 40 bila abiria kutegemea injini na propela.

mbawa_mbili
Natofautiana kidogo na mkuu wa ribiti. Aliyeponda hivyo ubavu wa tatu, ule wa saba usioonekana aliufanyaje? Azima kamera ya waya upite ubavu kwa ubavu ukipiga picha, ukikuta mhimili mkuu, ile boriti inayobeba bawa zima, una tundu lililoliwa ukingo acha kila kitu uwaandikie waliochora ndege hiyo, hapo si pa kubahatisha.

mrukaji_mpya
Asanteni sana wakuu, narudisha majibu. Nimepima, sita zimo ndani ya kipimo, mbili hapana. Kamera imenionyesha nyingine nne mbovu ubavu wa sita, ila mhimili ni mzima nimeuangalia mara tatu. Tenki sasa, mapovu madogo madogo yametoka kona ya nyuma, nimezungushia kalamu. Jamaa amekubali kuandika na kusaini, kumbe alikuwa na picha zaidi ya 200 kwenye kompyuta ya zamani. Bati la chini nalifungua Jumamosi naanzia safu ya nyuma, ubao ninao na mke wangu ndo atakayeushikilia.